Sista Kumbukumbu na Sindano ya Kitanda cha Tisa

Wodi ya akina mama ilikuwa na vitanda kumi na vinane, tisa kila upande, na kwa miaka ishirini na moja, ukiondoa siku za likizo, hakuna kidonge cha asubuhi kilichomezwa humo ndani bila kupitia kwenye kiganja cha Sista Kumbukumbu. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na madaktari, enzi hizo angali msichana, siku paa lilipovuja na karatasi zote za dawa zikalowa chapachapa. Wengine walishika vichwa. Yeye alisimama katikati ya wodi akaanza kuwatajia: huyu anameza hiki mara tatu, yule anachomwa kile saa kumi na mbili, huyu wa pembeni jana mlimpunguzia. Daktari mkubwa akawa anaandika huku akiguna kwa mshangao. Tangu siku hiyo akawa Kumbukumbu, na jina lenyewe alilipenda kuliko mshahara.

Sasa kitu kimoja nikiseme mapema, nisije nikaonekana namsingizia huko mbele. Sista Kumbukumbu alikuwa na wivu. Si wivu wa mume. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa kitambi na mashati yaliyotobolewa na cheche, na hakukuwa na foleni ya wanawake wanaomgombania. Wivu wake ulikuwa wa kazi. Alitaka yeye peke yake ndiye awe wa kutegemewa. Kwao walizaliwa mabinti wanne: wa kwanza akawa mzuri, wa pili akawa na akili za darasani, wa mwisho akawa kipenzi cha baba. Yeye wa tatu akawa wa kutumwa dukani. "Nenda wewe, wewe husahau," mama yao alikuwa akisema, na mtoto wa watu akaenda na orodha ya vitu kumi na mbili kichwani na akarudi navyo vyote. Hicho ndicho alichopata nyumbani kwao, basi akakishika kwa mikono miwili.

Mwaka ule hospitali iliamua kila wodi iwe na msimamizi wa dawa. Mtu mmoja, muuguzi, wa kuhakikisha dawa sahihi inamfikia mgonjwa sahihi kwa kipimo sahihi, na wengine wote wamfuate yeye. Matroni alitangaza kwamba atamchagua mwisho wa mwezi. Kwenye wodi ya akina mama hakukuwa na mjadala. Mpaka mfagizi alijua ni nani. Sista Kumbukumbu mwenyewe alikuwa ameshaanza kutembea kisimamizi, mikono nyuma, kidevu juu kidogo, na nyumbani alikuwa amemwambia mumewe anunue soda.

Halafu akaletwa yule binti.

Alikuwa amehamishwa kutoka hospitali nyingine, mwembamba, viatu vyeupe pee, umri ambao Kumbukumbu alikuwa nao siku ile ya paa. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wa kwanza, akasalimia kwa kupiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lakini hapa kazini mimi si mama yako, niite dada."

"Sawa, dada. Samahani, dada. Naomba kuuliza, dawa za asubuhi mnagawa wawili wawili au mtu mmoja?"

"Nagawa mimi."

"Na anayekuhakiki ni nani?"

Kumbukumbu alimtazama kuanzia kwenye vile viatu mpaka kichwani. Kuhakikiwa! Ni sawa na kumuuliza imamu nani anamsikiliza sura ya kwanza. Akasukuma toroli lake. Lakini swali lilishaulizwa mbele ya watu, na kabla wiki haijaisha wodi nzima ilikuwa inamwita yule binti Sista Maswali.

Maana matroni alipoamuru wagawane toroli, aliuliza kweli. Kila asubuhi, kila mgonjwa, hata yule aliyemhudumia jana na juzi: "Jina lako kamili nani, bibi? Umezaliwa mwaka gani?" Kisha analinganisha na karatasi, kisha na kijitepe cha jina cha mkononi, ndipo dawa inatoka.

"Mjukuu wangu, si uliniuliza jana?" walimlalamikia.

"Jana nilimuuliza wa jana, bibi. Leo namuuliza wa leo."

Wakacheka. Walimpenda, ndiyo habari yenyewe. Wakaanza kujibu majina yao kwa madaha, pamoja na ukoo na sifa, kama wako kwenye redio. Sista Kumbukumbu alisikia kile kicheko akiwa upande wa pili wa wodi na kikamchoma. Miaka ishirini na moja amewapa dawa watu wale, na hakuna aliyewahi kucheka namna hiyo kwenye toroli lake. Kwake walifumbua mdomo, wakameza, basi.

"Kumuuliza mgonjwa jina lake kila siku ni kumwambia humjui," alimwambia mumewe.

"Na wewe unawajua?"

"Wote! Kwa vitanda vyao na dawa zao."

"Majina je?"

"Wewe chomelea mageti yako," alisema, akaondoa sahani mezani kabla mtu hajamaliza kula.

Yule binti hakuishia kwenye majina. Alileta aproni nyekundu. Anayeandaa dawa aivae, alisema, na aliyeivaa asisemeshwe na mtu, awe daktari, awe mfagizi, mpaka amalize, kwa sababu makosa mengi ya dawa yanatokea pale mtu anapoitwa katikati ya kuhesabu. Akaleta na utaratibu wa jicho la pili. Dawa za hatari, kama insulini ya wagonjwa wa sukari, mmoja avute kwenye bomba la sindano, mwingine aangalie kipimo mwenyewe, kwa macho yake, asiambiwe kwanza ni ngapi. Matroni alipenda. Alipenda mbele ya kila mtu, tena kwa sauti: "Hivi haya mambo mbona hatukuyafikiria sisi?" Kumbukumbu akatazama dirishani. Ile "sisi" aliipokea yote peke yake.

Na siku ya vitanda ndiyo iliyomaliza kazi.

Wagonjwa wa kitanda cha nne na cha tano walibadilishana bila kumwambia mtu. Wa tano alitaka kuona geti, mumewe alikuwa anakuja kumwona siku hiyo, na wa nne hakujali. Wakahama na mashuka yao alfajiri, wakalala tena, wamejifunika gubigubi. Kumbukumbu akaja na toroli, karatasi hakuifunua, ya nini? "Kitanda cha nne, amka mama, meza." Mkono ukatoka kwenye shuka, ukapokea kidonge cha kushusha shinikizo la damu.

"Dada, samahani," Maswali alisema kutoka kitanda cha jirani. "Huyo anaitwa nani?"

Yule mama akafunua uso. Alikuwa wa kitanda cha tano, aliyefanyiwa upasuaji na kupoteza damu, shinikizo lake tayari liko chini, akisimama anapata kizunguzungu. Kidonge kile kingemshusha mpaka pabaya. Kilikuwa kimeshafika mdomoni, juu ya ulimi. Kumbukumbu alikitoa kwa vidole vyake mwenyewe.

Maswali hakumpigia mtu kelele. Alisogea karibu, akamnong'oneza, "Wamehamahama hawa, dada, wangemchanganya mtu yeyote," akaendelea na kazi. Kwenye daftari la wodi aliandika tu kwamba wagonjwa hubadilishana vitanda na tuwaulize majina. Jina la muuguzi hakuliweka. Matroni hakujua, daktari hakujua. Na hilo ndilo Kumbukumbu hakuweza kulimeza. Angesemwa, angalau angepata mtu wa kugombana naye. Huyu alimfichia aibu, tena bila kumdai hata shukrani, na kila asubuhi akaendelea kupiga goti, "Shikamoo, dada," uso mkavu kama hakuna kilichotokea. Kumbukumbu alimchukia kwa wema ule kuliko ambavyo angemchukia kwa kumsema. Alianza kuamka na jina lake. Akipika anamwaza, akifua anamwaza. Ukimpenda mtu sana unakuwa hivyo hivyo, ila huyu hakumpenda.

Bado alikuwa na mtu mmoja. Kitanda cha tisa, mwisho kabisa wa safu, alilala Bibi Cherehani, mshonaji, mgonjwa wa sukari mwenye kidonda cha mguu ambacho kilimrudisha wodini kila mwaka kwa miaka minane. Yule alikuwa wa Kumbukumbu. Hakukubali sindano ya mtu mwingine. Ukimletea muuguzi mgeni alificha mkono chini ya shuka akasema, "Namsubiri mwenyewe." Kumbukumbu alizoea kumwacha awe wa mwisho, ili akae kitandani pake dakika mbili akandwe roho.

Jumatatu ya wiki ya mwisho ya mwezi, Kumbukumbu akafika kitanda cha tisa na sindano mkononi. Bibi Cherehani akachungulia nyuma yake.

"Yule binti yuko wapi leo?"

"Yupo. Kwani mimi nina nini?"

"Huna kitu, mwanangu. Ila yule mkono wake mwepesi. Jana hata sikujua kama kanichoma."

Kumbukumbu alichoma, akatabasamu, akaondoka. Akaingia kwenye chumba cha kuoshea vyombo akafungua bomba la maji ili lipige kelele, akalia. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, analilia mkono wa sindano. Ukimcheka, mcheke, lakini wewe pia unacho kitu chako.

Basi ikaja Jumatano. Ijumaa matroni angetangaza.

Asubuhi hiyo stoo walisema mabomba ya insulini yameisha mpaka mchana. Yale ni mabomba madogo yenye mistari inayohesabu yuniti zenyewe za insulini: unaambiwa yuniti nane, unavuta mpaka nane, kazi imekwisha. Yaliyobaki yalikuwa ya kawaida, ya mililita moja, na mistari yake inahesabu mililita. Kwenye bomba la namna hiyo yuniti nane ni tone tu, mistari minane ile midogo midogo ya mwanzoni. Mbele yake ipo mistari mikubwa yenye tarakimu, na ukivuta mpaka penye nane kubwa, hapo umevuta yuniti themanini. Sista yeyote mzee anajua. Aliyefundishwa kwenye hospitali isiyoishiwa vifaa anajua pia, kwenye mtihani, lakini mkono wake haujazoea.

Maswali alivaa aproni nyekundu, akasimama kwenye meza ya dawa, akachukua chupa ya insulini ya Bibi Cherehani. Kumbukumbu alikuwa upande wa pili wa meza, zamu yake ya jicho la pili. Sheria ya aproni aliijua vizuri. Akaivunja makusudi.

"Aproni imekukaa hiyo. Ungekuwa na panga ningekuagiza kilo ya steki."

Binti akacheka, macho yakanyanyuka kutoka kwenye bomba. "Dada, usinichekeshe bwana, nahesabu."

"Hesabu, mimi nimekushika mkono?"

Akarudisha macho, akavuta, akagonga kutoa hewa. Akaweka bomba kwenye sahani na kuisogeza. "Niangalizie, dada."

Kumbukumbu akaangalia. Bomba lilikuwa karibu lijae. Haikuhitaji hesabu. Mtu aliyevuta insulini miaka ishirini na moja haoni mistari kwanza, anaona wingi, na wingi ule ulikuwa wa kuua. Binti alivuta mpaka penye nane kubwa. Themanini, kwa kikongwe ambaye hajanywa hata chai. Sukari ingeporomoka, jasho, kutetemeka, fahamu zipotee, na huenda zisirudi tena.

Aliliona kosa palepale. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu wodi nzima baadaye iliamini vingine.

Alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Mm."

Hakusema sawa. Aliwahi kujitetea nalo hilo, kwamba sawa hakusema. Lakini alijua mtu aliyesimama mbele yake atasikia nini. Maswali alisikia sawa. Akachukua sahani akaanza kutembea.

Kutoka meza ya dawa hadi kitanda cha tisa unapita vitanda vinane. Alipopita cha kwanza Kumbukumbu aliwaza: leo ndiyo leo. Si kwamba alimtakia Bibi Cherehani mabaya. Bibi Cherehani hakuwemo kichwani mwake kabisa. Alichokiona ni Ijumaa, matroni amekunja uso, na yule binti wa viatu vyeupe amesimama mbele yake hana la kusema. Alimwona anaulizwa yeye sasa, maswali kumi. Cha tatu, cha nne. Aliona kila mtu anageuka kumtafuta Kumbukumbu, mwenye kichwa kisichosahau. Utamu ulimpanda mpaka kooni. Kwenye cha sita aliona mgongo wa binti, fundo la aproni limefungwa vibaya, upande mmoja mrefu, na akamhurumia kidogo, halafu akaikataa ile huruma.

"Bibi, shikamoo. Jina lako kamili nani?"

Bibi Cherehani akataja jina lake, na la babake, na mwaka wake wa kuzaliwa, na akaongeza kwamba bado anatafuta mchumba. Wagonjwa wa jirani wakacheka. Mkono wa kizee ukakunjuliwa, ngozi imelegea, pamba ikapita juu yake. Kumbukumbu alikuwa ameshafika kitanda cha tano bila kujua miguu ilimtoa vipi mezani.

"Simama!"

Ilikuwa sauti ambayo hakuijua. Mgonjwa mmoja alimwaga uji. Maswali aligeuka, sindano hewani, kidole juu ya kisukumio.

"Usichome! Toa hiyo! Umevuta ngapi?"

"Nane, dada… yuniti nane, si umeona…"

"Tazama bomba!"

Binti akatazama. Ilimchukua muda, halafu uso ukampauka, akakaa chini palepale, sakafuni, sahani mapajani. Alikuwa anarudia neno moja, "Themanini. Themanini." Kumbukumbu alimnyang'anya bomba, akalimwaga kwenye sinki, akaenda wodi ya pili kuazima bomba la insulini, akarudi, akavuta nane, akamwita muuguzi wa wodi ile aangalie, akachoma.

"Nilijua," Bibi Cherehani alisema, amemshika kiganja. "Wewe ndiwe mwenyewe, mwanangu. Siku zote wewe ndiwe mwenyewe."

Miaka minane alikuwa anakuja kukaa pale kitandani kusubiri maneno kama hayo. Akavuta mkono wake taratibu, akasema ana kazi.

Kabla ya saa sita hospitali yote ilikuwa na habari. Mfamasia aliacha dirisha lake akaja kumpa mkono. Daktari mkubwa, aliyebakiza miezi michache astaafu, alimwita Kumbukumbu kwa sauti ya ile siku ya paa. Maswali alilia stoo nusu saa, kisha akatoka macho mekundu, akamkumbatia mbele ya watu wote. "Dada, umeniokolea maisha mawili, ya bibi na yangu." Kumbukumbu alisimama wima kama nguzo ya umeme mpaka alipoachiwa.

Saa tisa alirudi nyumbani. Mumewe alikuwa uani na miwani ya kuchomelea, habari ilishamfikia kwa simu ya shemeji.

"Haya, mshindi! Soda niziweke kwenye friji?"

"Acha."

"Mbona umenuna? Si umemkamata?"

"Nimesema acha, baba watoto."

Akaingia ndani, akafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Alhamisi saa tatu asubuhi matroni akawaita wote wawili ofisini. Ilikuwa ofisi ndogo, meza moja, kabati la chuma, kalenda ya kampuni ya dawa za mbu. Matroni, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa na fomu mbele yake.

"Sisubiri kesho," alisema. "Usimamizi wa dawa ni wako, dada yetu. Na ujue huyu binti mwenyewe ndiye alikuja jana kuniomba nikupe. Kaniambia mtu anayestahili ni mmoja tu."

Kumbukumbu akamtazama Maswali. Maswali akatabasamu, tabasamu la mtu ambaye hakulala, ila la kweli.

"Sasa tujaze hii fomu haraka tuitume. Haitafuti mtu wa kumfukuza, inatafuta pale panapovuja." Matroni akavaa miwani. "Wanauliza kosa liligunduliwa hatua gani. Mezani kwenye jicho la pili, au baadaye?"

Kumbukumbu akaitazama kalenda.

"Andika baadaye, mama," Maswali akasema. "Mezani hakuliona vizuri. Mimi nilimpitishia harakaharaka, na kidole changu kiliziba mistari. Kosa langu. Tuweke sheria kwamba bomba liwekwe chini, mtu aondoe mkono."

Bomba liliwekwa chini. Mkono ulikuwa mbali. Yule binti alikuwa anadanganya, au pengine alikuwa ameshajiaminisha hivyo, ili mwenzake asionekane alizembea. Kalamu ya matroni ilikuwa imeshaanza kushuka kwenye karatasi. Kilichotakiwa ni kutikisa kichwa tu, mara moja.

Na hapa nisiwadanganye kwamba Sista Kumbukumbu aligeuka malaika. Wivu haukumtoka. Ulimpanda upya, palepale kwenye kiti, mkali kuliko siku zote: hata uongo huyu anaufanya kwa wema. Mara ya pili ananifichia aibu. Mara ya pili! Nitasimamia dawa za wodi hii mpaka nistaafu, na kila nikishika toroli nitakuwa nimelishika kwa sababu yeye kaniachia. Alifikiri pia juu ya ile fomu, kwamba watatunga sheria ya kuondoa vidole kwenye mabomba, na pale panapovuja pataendelea kuvuja. Lipi lilimsukuma zaidi, hata yeye hajui mpaka leo.

"Usiandike hivyo," alisema.

Matroni akainua kalamu.

"Niliona mezani. Bomba lilikuwa chini na mistari naiona. Niliona kabla hajalinyanyua."

"Uliona." Matroni akavua miwani. "Sasa mbona alifika kitandani?"

"Nilitaka afike."

Maswali aligeuka kwenye kiti. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtoto.

"Dada… bibi wa watu?"

"Bibi wa watu," Kumbukumbu akasema. "Sikumwona. Nilikuwa nakutazama wewe."

Matroni akaivuta tena fomu, ile nafasi ya jibu bado tupu.

"Niandike hivyo?" akauliza.

"Andika hivyo hivyo, mama. Na jina langu liweke."